Kiganja cha Emmet Garrity

Sehemu ya tisa

Kadi mbili, msomaji wangu, na zote za bluu!

Hapo ndipo wiki iliyopita iliponikatia pumzi. Saa moja na nusu asubuhi, ndani ya kile chumba chenye mlango wa kioo ambamo hakuna anayeingia akicheka. Kadi ya Emmet Garrity mkono wangu wa kushoto, kadi ya Tadek Wrona mkono wa kulia, na wenye kadi wamesimama mbele yangu kama watoto waliovunja dirisha.

Ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa samaki, asikilize haraka.

Kwenye shimo letu la soya, hapa Chicago, hakuna anayetia saini. Wanaume mia nne wanasimama kwenye ngazi za mviringo, wanapiga kelele na kurusha mikono. Anayenunua, kiganja kinamtazama mwenyewe, kama mtu anayevuta kitu kwake. Anayeuza, kiganja kinawatazama wenzake, kama mtu anayesukuma. Macho yakikubaliana, basi. Kila mmoja anaandika kadi yake: upande wa bluu, nimenunua; upande mwekundu, nimeuza.

Soya yenyewe haipo. Ipo shambani, kijani bado. Kinachouzwa ni ahadi ya soya ya Novemba.

Kadi zikitoka shimoni zinakwenda nyumba ya ulinganishi. Ikiona bluu yako imepata nyekundu yake, inaingia katikati yenu: inakuwa muuzaji kwa aliyenunua, na mnunuzi kwa aliyeuza. Tangu hapo hamjuani tena. Mwenzako akifa, akifilisika, akitorokea Mexico, ahadi yako iko salama.

Lakini bluu kwa bluu? Inazitapika. Asubuhi makarani tunazikuta, na waliogongana lazima wamalizane kabla ya kengele ya kufungua.

Mikataba mia, jana, sekunde ya mwisho. Wanunuzi wawili, muuzaji hakuna. Na saa mbili baada ya shimo kufungwa, serikali ikatoa ripoti ya makadirio ya mavuno: ukame umekula zao kuliko mtu yeyote alivyoota. Leo bei itaruka mpaka kwenye ukomo wa siku, ambao hairuhusiwi kuupita, na kuganda hapo. Aliyenunua jana anachekelea. Aliyeuza amekwisha.

"Mmoja wenu aliuza," nikasema.

"Si mimi," akasema Emmet.

"Si mimi," akasema Tadek.

Walisema kwa pamoja. Miaka ishirini na sita wamesimama wakitazamana, Emmet ngazi ya juu upande wa kaskazini, Tadek upande wa kusini, na kila kitu walikifanya kwa pamoja, hata kupiga chafya.

"Baharia," Tadek akaniambia. Hilo ndilo jina langu pale. Nilifika mjini kwao kwenye meli ya kubeba chuma ya maziwa makuu ya huku, nikashuka kununua soksi, sijarudi melini mpaka leo. "Baharia, wewe ni karani wake. Jana ulimwona?"

"Nilikuwa na simu sikioni, mzee. Nimewapa mgongo."

"Karani mzuri huyo," Emmet akacheka. "Analipwa kuangalia ukuta."

Alikuwa na furaha, mwenzangu. Hilo ndilo lililonitisha. Mwairishi yule mwenye nywele kama moshi alikuwa na furaha kama mtu aliyeponea ajali. Jana asubuhi alikuwa ameuza mia. Desturi yake inajulikana shimo zima: Emmet Garrity halali na mzigo. Alichouza asubuhi atakinunua kabla ya kengele, aende nyumbani mikono mitupu, ale chakula cha mkewe Loretta, alale. Na kwa kadi yake ile ya bluu, alikuwa ameutua mzigo saa mbili tu kabla ya ripoti kumwangukia.

Kwa kadi yake ile.

"Sikiliza, mla viazi," Tadek akasema taratibu. "Kengele ilikuwa inalia. Nikakuona una mia. Nikakunyooshea kidole, ukaniitikia kwa kichwa. Ulikuwa unauza."

"Nilikuwa nanunua, mla kabichi. Nikakunyooshea kidole, ukaniitikia kwa kichwa. Wewe ndiye uliyekuwa unauza."

"Emmet. Niliona kiganja chako."

"Uliona kiganja cha mama yako."

Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho.

Tadek akavuta kiti, akakaa. Ni mtu mnene, shingo hana, na akiwa na huzuni hupumua kwa mdomo. "Tukate," akasema.

Kukata ni desturi ya chumba kile. Msipoelewana, hasara mnaigawa katikati, kila mtu anabeba nusu, mnashikana mikono, mnakwenda kunywa kahawa. Hakuna anayeuliza tena. Watu wameishi kwa kukata tangu babu zao.

Ningekuwa mimi, ningekata. Wewe pia.

"Sikati," akasema Emmet.

"Emmet, tafadhali."

"Kukata ni kwa asiyekuwa na hakika. Mimi nina hakika. Na kwa nini unanibembeleza? Hujawahi kunibembeleza maisha yako yote." Ile furaha ikaanza kumtoka usoni. "Jana ripoti ilipotoka ulikuwa wapi, Tadek?"

"Usiseme hivyo."

"Uliiona ripoti, ukageuza kadi."

Msomaji, nimepigana baa za bandari saba. Nimeona chupa zikipasuliwa vichwani. Sijasikia neno zito kama hilo. Shimoni unaweza kumtukana mtu dini yake, mke wake na kaburi la baba yake, na kesho mkala meza moja. Lakini kumwambia mtu kageuza kadi ni kumwambia hana jina.

Tadek hakusimama. Alinyoosha kidole chake kinene kwenye kadi yake iliyokuwa mkononi mwangu. Muhuri wa saa ulikuwa pale pembeni. Kadi ilikuwa imekusanywa dakika kumi baada ya kengele. Ripoti ilikuwa bado haijazaliwa.

"Kiti cha mgeni mezani kwetu mkesha wa Krismasi," Tadek akasema, na sauti ilikuwa imeshuka sana, "miaka ishirini na sita kinakaliwa na nani?"

Emmet akatazama muhuri. Akatazama pembeni.

"Basi sielewi," akasema. "Basi mimi sielewi."

Mlango wa kioo ukafunguliwa.

Akaingia Skoog, mzee wa kamati ya shimo, Mswidi mrefu anayeinama kila mlangoni hata mlango ukiwa mrefu kumzidi. Nyuma yake Bi Ostrander. Bi Ostrander ndiye anayesimama nyuma ya Emmet mbele ya nyumba ya ulinganishi. Emmet akishindwa kulipa, wanamkamata yeye kwanza. Ndipo na yeye anamkamata Emmet. Kila mfanyabiashara ana mtu kama huyo nyuma yake. Bila huyo hupewi hata beji ya kuingilia shimoni.

"Saa mbili na dakika kumi," akasema Bi Ostrander. "Mnaendeleaje, mabwana?"

"Hawaendelei," nikasema.

Skoog akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Hakuandika kitu. Alikuwa amesimama shimoni miaka arobaini kabla magoti hayajamwacha. Halafu akauliza swali ambalo mimi, karani wa Emmet, nilipaswa kuliuliza kabla ya wote.

"Emmet, nionyeshe ulivyonunua."

"Unanitania?"

"Inua mkono tu. Kama jana."

Emmet akapumua kwa kuudhika, kama mwalimu mkuu aliyeombwa kusoma alfabeti. Akainua mkono wa kulia juu, vidole vimenyooka.

"Hivi," akasema. "Kama ninavyonunua tangu ninyi hamjaota ndevu."



Kiganja kilikuwa kinatutazama sisi.

Kilikuwa kinatutazama wote wanne, wazi, cheupe, kimesukumwa mbele. Na Emmet amesimama nyuma yake, kidevu juu, mtu mwenye hakika, akingoja tumwambie samahani.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameuambia mkono ugeuke, naye aliamini umegeuka.

Hapo wiki tatu zikanirudia kichwani kwa mpigo mmoja. Vifungo vya koti lake la kijani, ambavyo nimekuwa nikimfungia kila asubuhi kwa sababu "vidole vimelala vibaya, Baharia". Kahawa anayoshika kwa mkono wa kushoto. Kalamu inayomponyoka. Nilikuwa nafunga vifungo na kupiga domo kuhusu timu ya mpira. Sikuuliza. Mungu anisamehe, sikuuliza.

"Mnaona?" akasema Emmet.

Bi Ostrander akageukia ukuta.

Na ndipo Tadek Wrona akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa Mpolandi anayegombania chenji ya gazeti. Akainuka kitini, akaichukua kadi yake mkononi mwangu.

"Kosa langu," akasema. "Sasa nimekumbuka. Mimi ndiye niliyeuza. Niliandika upande usio wake. Nipe kalamu."

"Si nilisema!" Emmet akapiga meza kwa mkono wa kushoto. "Si nilisema, jamani? Miaka ishirini na sita na bado hajui bluu na nyekundu! Tadek, ndugu yangu, nisamehe lile neno. Njoo hapa. Nisamehe, nilikuwa nimechanganyikiwa."

Akamkumbatia. Tadek akakumbatiwa, macho ameyafumba, na juu ya bega la Emmet nikayaona machozi yakipita kwenye mashavu yale manene.

Skoog alijua. Bi Ostrander alijua. Ungefanyaje? Useme? Skoog akaanza kuinamia mlango atoke, aache uongo ule upite kama unavyoachia jeneza lipite barabarani.

Lakini Emmet alikuwa ameanza kusherehekea.

"Nikanunua hivi!" akasema, akimwonyesha tena Skoog, mkono juu. Na Skoog alikuwa ameuvuta ule mlango wa kioo nusu, na kwenye kioo alikuwemo mzee wa koti la kijani, mkono juu, na kiganja chake kinasukuma.



Emmet akautazama mkono kwenye kioo. Akautazama wenyewe. Akauambia kitu kimyakimya, tuliona shingo ikikaza, tuliona jasho likichomoza. Kidole cha mwisho kilitikisika. Kiganja hakikugeuka.

"Baharia," akasema. "Huo ni mkono wangu?"

"Ndiyo, mzee."

Akakaa. Alikaa taratibu sana, kama anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika.

"Loretta aliniambia. Wiki tatu zilizopita niliamka upande mmoja umekufa ganzi. Baada ya kifungua kinywa ikaisha. Akasema twende hospitali, nikasema mwezi wa ripoti sitoki shimoni, nimwone daktari wa nini?" Akacheka kidogo, na cheko likaenda upande mmoja wa mdomo. "Tadek."

"Nimeshaandika. Nyamaza."

"Hujui kudanganya. Hata karata hujui. Rudisha kadi yako ilivyokuwa."

"Emmet, nakuomba. Nina nafuu kuliko wewe. Wanangu wameshaoa. Niachie."

"Nimekuita mgeuza kadi. Sasa unataka ugeuze kweli, kwa ajili yangu?" Akanyoosha mkono wa kushoto. "Baharia, kalamu."

Aliandika kwa kushoto. Upande mwekundu. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala, kama za mtu anayejifunza. *Nimeuza mia.* Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Sasa bluu ilikuwa imepata nyekundu yake. Nyumba ya ulinganishi ingezipokea. Kila kitu kimenyooka, na Emmet Garrity amekwisha. Maana jana alikuwa na mzigo wa mia, akataka kuutua, na kwa kiganja kile akajitwisha mia nyingine juu. Ameahidi mikataba mia mbili ya soya asiyokuwa nayo, na bei inapaa.

Bi Ostrander akamgeukia. Ni mwanamke mkavu, lakini siku ile alizungumza kama anayemfunika mtu blanketi.

"Emmet, kiti chako cha uanachama shimoni kimekwenda. Hasara ya leo peke yake inakimeza. Unalijua hilo."

"Nalijua, mama."

"Iliyobaki ni nyumba. Kengele ya kufunga inalia saa saba na robo. Ukizinunua zile mia mbili leo, Loretta anabaki na nyumba yake. Ukilala nazo, na kesho bei ikipanda tena…" Hakumaliza. "Beji nakuachia mpaka saa saba na robo. Kununua tu. Kitu kingine usikiguse."

"Leo nani atauza?" nikauliza. Nilikuwa sijatumwa kuuliza. "Bei itakuwa imeganda juu. Nani mwenye akili atauza leo?"

Tadek akafungua mdomo. Skoog akamwonya kwa kidole kabla neno halijatoka.

"Hapana, Wrona. Hapa ndani hakuna anayemuahidi mwenzake kitu. Mtakachofanya kifanyike shimoni, kwa sauti, mbele ya watu wote, kila mtu apate nafasi sawa. Mkinong'onezana nawafungia wote wawili. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," akasema Tadek.

Hakumtazama Emmet. Alitoka bila kumtazama, na hapo nikajua.

Saa tatu na nusu, kengele!

Nimeona shimo siku za vita na siku za mafuriko. Sijawahi kuliona hivyo. Mikono mia nne hewani, yote viganja ndani. Shimo zima linajivutia, na hakuna wa kuvutwa. Bei iliruka mpaka kwenye ukomo kabla mwangwi wa kengele haujaisha, ikagandia pale. Halafu kelele zikafa. Watu walisimama wakitazamana, mikono juu, wanunuzi watupu, kama waumini waliomaliza sala na kasisi hajasema amina.

Mimi nilikuwa ngazi moja chini, nyuma ya Emmet kabisa. Karani hasimami karibu hivyo. Siku ile hakuna aliyenifukuza.

"Tumia mkono wa kushoto, mzee," nikamnong'oneza.

"Wa kushoto una kadi na kalamu. Wa kulia hata kadi haushiki."

"Nipe mimi kadi."

"Karani hashiki kadi ndani ya shimo, Baharia. Unataka wanitoe mapema?" Hakugeuka. "Usijali. Nimeukazia macho. Ukigeuka vibaya nitauona."

Upande wa kusini, Tadek alikuwa anafuta shingo kwa leso. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Alikuwa anangoja, nadhani, watu wachoke, mikono ianze kushuka, macho yaanze kutangatanga. Saa tano kasoro dakika tano, Vince Calabro, yule mrefu wa ngazi ya kati anayetafuna njiti ya kiberiti na asiyepitwa na muuzaji, aliinama kufunga kamba ya kiatu.

Tadek akapumua kwa mdomo. Akainua mikono yote miwili, viganja nje.

"Mia mbili! Nauza mia mbili!"

Shimo likalipuka! Watu mia nne walimrukia kwa sauti. Calabro aliinuka na kiatu kimefunguka, ananguruma. Miwani ikaruka, mtu akaanguka ngazi mbili, na Tadek, katikati ya tufani ile, alinyoosha kidole kimoja kuvuka shimo lote, moja kwa moja, kaskazini, ngazi ya juu.

"Nimekuuzia, Emmet!"

Emmet alikuwa ameinua mkono.

Nataka uelewe niliposimama. Nilikuwa nyuma yake. Mtu wa mbele yako akinunua, kiganja chake kinamtazama yeye, kwa hiyo na wewe uliye nyuma kinakutazama. Akiuza, unaona mgongo wa mkono.

Mimi niliona mgongo wa mkono. Niliona mabaka ya uzee, moja baada ya jingine, na mshipa wa bluu unaopita katikati.

Mdomo wake ulifunguka. Sauti haikutoka. Upande mmoja wa koti la kijani ukashuka, kama mtu amemvuta, na Emmet Garrity akakaa kwenye ngazi aliyosimama miaka ishirini na sita. Kadi na kalamu vikamponyoka.

"Emmet!"

Hakuwa amekufa. Jicho moja lilikuwa linaniangalia, zima, lenye akili zake zote. La pili lilikuwa limekwenda.

Na shimo halikusimama. Usitushangae. Shimo halisimami. Nyuma yetu, kwenye shimo lao, mahindi yaliendelea kuuzwa, na watu wa ngazi ya chini waliinua miguu wasimkanyage, wakaendelea kunyoosha mikono kwa Tadek.

"Hiyo si ya kwake!" Ilikuwa sauti ya Calabro. Alikuwa anapanda ngazi kwa viwiko, kamba ya kiatu inaburuzika. "Zile mia mbili ni zangu! Huyu mzee alikuwa anauza! Niliuona mkono wake, kiganja nje! Mtu anayeuza hawezi kuuziwa!"

"Mtu ameanguka, we mnyama!" Tadek alikuwa ameshavuka shimo, sijui kwa njia gani, mtu mnene vile. Alipiga magoti, akakishika kichwa cha Emmet. "Huoni mtu ameanguka?"

"Naona. Nasikitika, wallahi nasikitika. Lakini mkono ni mkono, Wrona. Ungekuwa wewe ungedai."

Naye hakuwa anasema uongo. Hata Emmet, siku za nguvu zake, angedai.

Skoog akafika. Watu walimpisha. Aliinama, safari hii kwa sababu ya kweli, akaweka vidole shingoni mwa Emmet, akamtuma mtu akaite gari la wagonjwa. Kisha akabaki ameinama hivyohivyo.

"Alisema neno?"

"Sikusikia neno," akasema Calabro.

"Wrona?"

Tadek akatikisa kichwa. 

"Basi ni mkono," akasema Skoog. "Kama alinunua, mia mbili ni zake, na shughuli imekwisha. Kama kiganja kilikuwa nje, hakuna kilichofanyika kati yenu, na Calabro ndiye wa kwanza aliyebaki." Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baharia. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake. Uliona kiganja, au uliona mgongo wa mkono?"

Tadek aliniangalia. Sijawahi kuombwa kwa nguvu vile.

Nikahisi kitu kinanivuta. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Emmet. Umeukamata mkono wa koti langu, hapa kwenye kifundo, umekaza. Jicho lile moja lilikuwa kwangu. Kichwa chake, mikononi mwa Tadek, kilisogea kidogo kulia. Kisha kidogo kushoto.

Alikuwa ananikataza.

Mtu aliyekataa asubuhi ile kuokolewa na uongo wa rafiki yake, alikuwa ananiomba na mimi nisimuokoe. Alikuwa amebakiwa na jina lake tu. Na nyuma ya jicho lile nilimwona Loretta mlangoni, na aproni, na gari la kuhamisha vitu limeegeshwa nje.

Nimetangatanga dunia hii miaka mingi, msomaji, na shule nimeiokota vipande vipande. Hakuna kipande kilichonifundisha jibu la swali lile.

"Kiganja," nikasema. "Kilikuwa kinanitazama mimi, bwana. Alinunua."

Tadek akaangua kilio.

Emmet akaniangalia sekunde moja zaidi. Halafu vidole vyake vikaliachia koti langu, kimoja kimoja, na jicho likageuka upande ambao mimi sikuwepo.

"Ameandika wapi?" akauliza Skoog. "Kadi yake iko wapi?"

Nikaiokota kadi chini. Ilikuwa tupu. Skoog akaichukua, akaiweka upande wa bluu juu ya goti lake, akafungua kalamu yake mwenyewe.

Hakuandika. Alikuwa amesikia nyayo.

Juu ya shimo kuna jukwaa dogo, kama mimbari, anapokaa mwandishi wa bei kuona kila mkono wa kila mtu. Siku ile alikuwepo Bernice Holloway, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kukosea hata robo senti. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa anashuka ngazi, miwani mkononi, taratibu, akiniangalia mimi tu.